Samaki Asiyeoshwa

3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu utapewa na shemeji yako mwishoni, yeye ndiye mwenye muda wa salamu. Mimi nina jambo.

Sanduku la barafu alilokuletea dereva wa lori usilifungue ukidhani nimekutumia kitoweo. Humo mna samaki wagonjwa. Tangu mwezi uliopita chewa wanatoka baharini na vidonda ubavuni, vyekundu, vingine vimechimbika hadi nyama ya ndani inaonekana. Macho yamewatoka na yameingia ukungu. Mapezi yamechakaa. Wengine wanaokotwa wakielea juujuu, wanazunguka mahali pamoja hawajui waendako. Mimi napara samaki tangu wewe hujaota meno, na wa namna hii sijawaona.

Wanunuzi wameanza kutukimbia. Huyu anasema ni sumu, yule anasema ni laana, na mkuu wa soko, ambaye samaki anamjua akishakaangwa tu, anasema atalifunga banda letu la kupara mpaka aone karatasi ya maabara. Mle bandani tumejaa wanawake ambao kazi nyingine hatuna. Nikamwambia karatasi isikusumbue mzee, mdogo wangu ndiye anayepima magonjwa ya samaki huko maabara kuu. Nimeshajisifu mbele za watu, sasa usiniaibishe.

Nimekuchagulia watatu walioumia kuliko wote. Nimewapara, nimewatoa matumbo na mashavu, na ule utepe mweusi wa damu uliolala chini ya uti wa mgongo nimeukwangua kwa kijiko mpaka mfupa ukawa mweupe. Nimewaosha maji matatu, ya mwisho ya ndimu na chumvi. Sikutaka watu wa ofisini kwako wafungue sanduku waseme dada wa huyu ni mchafu.

Simu ya posta bado mbovu, kwa hiyo andika, na uandike upesi.

Dada yako

Shemeji, ni mimi Mizani. Salamu nimeachiwa mimi, basi zipokee zote kwa mkupuo. Hao samaki wameoshwa mpaka nimewaonea wivu, mimi mwenyewe sijaoshwa hivyo tangu tuoane. Huku kazi yangu ni kupima uzito, huko kazi yako ni kupima ugonjwa, tofauti ni kwamba wewe hugombani na mteja. Tupimie vizuri.


10 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Sanduku lilifika salama, barafu ilikuwa bado ngumu. Daktari, yule mkuu wangu wa maabara, alisema hajawahi kupokea samaki wasafi namna hii tangu aanze kazi.

Tulichukua nyama kutoka kingo za vidonda, tukaipaka kwenye zile sahani zetu zenye chakula cha bakteria, tukaziweka kwenye joto tukasubiri. Dada, hakuna kilichoota. Sahani zimekaa muda wote unaotakiwa na zimebaki tupu.

Hili si jibu la mwisho. Tungependa kupima tena kabla hatujasema lolote kubwa. Ukipata wengine naomba uwatume, na tafadhali usijisumbue kuwasafisha, najua una kazi nyingi. Watume tu hivyohivyo walivyo.

Mwambie shemeji kwamba hata huku tunagombana na wateja, ila wetu hawajibu.

Nakukumbuka sana.

Mdogo wako


15 Februari

Mdogo wangu,

Umeniokoa. Barua yako niliisoma bandani kwa sauti, nikaisoma tena kwa waliochelewa. Hakuna kilichoota! Mkuu wa soko alitaka kunitafutia sababu, nikamwekea kidole kwenye mstari wenyewe, akasoma, akaenda zake. Barua yako sasa imebandikwa kwenye mlango wa banda, ule ukurasa wenye majibu, maneno ya kunikumbuka nimeyakata nikabaki nayo. Kazi imerudi. Wale wenye vidonda tunakata palipoharibika tunatupa, kilichobaki kinauzwa, maana maabara imesema samaki ni wazima.

Sasa hilo la nisijisumbue. Wewe umekuwa mgeni wangu tangu lini? Nilikuogesha wewe kila asubuhi ukipiga kelele mtaa mzima ukasikia, leo nishindwe kuosha samaki watatu? Hapa nimekutumia wengine kwa ajili ya hicho kipimo chako cha pili, na hawa nimewaosha maji manne. Mwambie huyo Daktari wako kama anatafuta binti wa kuoa kutoka familia safi, bado yupo mmoja hapo hapo mezani kwake.

Shemeji yako yuko nyumbani, mgongo unamsumbua. Nimempiga marufuku kukanyaga bandani, na wenzangu nimewaambia wakimwona mle wamfukuze. Anashinda kwenye kiti anatoa amri, na kwa kuwa hakuna wa kuzitii anajitii mwenyewe. Usiwe na wasiwasi, ni mgongo tu.

Dada yako


20 Februari

Shemeji Mizani,

Barua hii nimeipitisha kwa jirani yenu fundi cherehani kwa sababu sitaki Dada aione. Usianze kucheka, hili si la utani.

Samaki aliyetolewa matumbo na kuoshwa kwa ndimu, kwetu maabara hafai kitu. Ugonjwa wa namna hii tunautafuta kwenye figo, na figo la samaki ndilo ule utepe mweusi ambao Dada anaukwangua kwa kijiko. Ndimu inamaliza kilichobaki. Sanduku la kwanza lilipofunguliwa, Daktari aliniuliza kama tuwapime au tuwapike. La pili hakuuliza, alitikisa kichwa tu akaondoka.

Nilitakiwa niandike kwamba samaki hawafai kupimwa. Nilishika kalamu nikashindwa. Unamjua Dada. Amenilea kwa kisu cha kuparia, nimesoma kwa magamba, nimevaa sare za shule zilizonuka samaki na hakuna siku aliyonidai shukrani. Leo nimwandikie kwamba kazi ya mikono yake imeharibu kipimo? Nikaandika hakuna kilichoota. Ni kweli hakikuota. Lakini kutoota si sawa na kuwa mzima, na mimi nilijua hivyo nilipokuwa naandika. Nilidhani ataelewa nikimwambia asijisumbue kuwasafisha. Badala yake ameongeza maji ya nne.

Sasa barua yangu iko mlangoni na watu wanashika wale samaki wakidhani nimewahakikishia. Silali vizuri.

Wewe ndiye unayejua kupita katikati yetu. Ule mwaka nilipoacha chuo nikarudi nyumbani, tukakaa nyumba moja na Dada hatusemeshani, si wewe uliyekuwa ukibeba maneno kutoka jikoni kwenda chumbani? Naomba unibebee na hili. Nitafutie chewa mmoja tu, mgonjwa, asiyepasuliwa, asiyeoshwa, ikiwezekana awe bado anapumua. Mtie kwenye mfuko, na huo mfuko uutie ndani ya mwingine. Barafu ikae pembeni isimguse moja kwa moja. Mpe dereva wa lori siku hiyohiyo. Nikipata jibu nitamwandikia Dada kana kwamba limetoka kwenye sanduku lake la pili, na hatajua chochote.

Kama mgongo bado unauma, usinyanyue sanduku peke yako.

Shemeji yako


23 Februari

Shemeji,

Kazi imefanyika, na sasa ukiolewa mahari yako nusu ni yangu.

Dada yako alikuwa anatoka kwenda kwa mkuu wa soko kugombania bomba la maji. Mimi nikajifanya nimelala, nikakoroma kidogo ili kuwe na ushahidi, nikatoka. Pale bandani niliingia kwa kunyata kama mwizi wa kuku. Wale wanawake waliponiona wakaacha kupara wote, maana wamepewa amri. Nikawaambia namtafuta mke wangu. Wakasema mkeo ametoka, na wewe toka. Nikatoka kwa heshima zote, kwa mlango wa nyuma, ule wa upande wanakoshusha samaki.

Huko nikampata mtu wako. Chewa mkubwa, yuko kwenye beseni anahema kwa taabu, kidonda ubavuni ukubwa wa kiganja changu. Nilimwambia pole. Nilipomkamata alijigeuza akanichoma kwa mwiba wa mgongoni, hapa kati ya gumba na kidole cha shahada. Sikumlaumu, mgonjwa hapendi kushikwashikwa, hata mimi nimekuwa hivyo siku hizi. Nikajinyonya damu nikatema, nikamtia kwenye mifuko yako miwili, barafu pembeni kama ulivyoagiza. Hajaoshwa hata tone. Akifika bado ana uchafu wake wote ujue umetoka kwa mkono wangu.

Dada yako alipouliza kidole kimefanya nini, nikamwambia nimejichoma na sindano kwa fundi cherehani. Ni uongo mdogo juu ya uongo wako mdogo, tumelingana. Mkono unawaka ninapoandika, ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Na kuhusu huo mgongo wangu, hilo ni la dada yako kukueleza, si langu. Ananichunga kama yai. Lakini nimechoka kukaa kwenye kiti, Shemeji. Leo kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nimetumwa kazi na mtu akanitegemea niifanye. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Mizani


26 Februari

Mdogo wangu,

Mizani hayupo tena. Amefariki jana alfajiri, jana hiyohiyo tukamzika. Sikuweza kukungoja. Nilitaka kukuletea habari kwa njia nyingine, lakini simu ni hii hii mbovu, na dereva wa lori ndiye wa kwanza kuelekea huko.

Nitakueleza kama ilivyokwenda, nikiacha sasa sitaweza kuianza tena. Jumapili alirudi na kidole kimechomwa. Akasema sindano. Usiku mkono ukavimba. Asubuhi nikampeleka zahanati, mganga akamuuliza, akasema sindano ya cherehani, mganga akampa vidonge vya maumivu akasema tuukande kwa maji ya moto. Nikaukanda. Niliukanda kwa mikono yangu, nikimtania kwamba mwanaume mzima analia kwa ajili ya sindano. Mchana ngozi ikawa ya zambarau, yakatoka malengelenge yenye maji meusi, na homa ikampanda akawa anatetemeka kitanda kizima. Hapo ndipo aliponiambia si sindano, ni chewa.

Nikamuuliza, ulikwenda kufanya nini bandani? Akageuza uso ukutani. Akasema, nitakwambia nikipona, utacheka.

Hospitali kubwa tulifika jioni. Daktari wa pale alipoutazama mkono aliniuliza ana ugonjwa gani mwingine. Nikasema ini. Akaniangalia, halafu akaanza kukimbiakimbia. Wakamtundikia dawa mbili kwa mpigo, lakini sumu ilikuwa imeshapanda kwenye damu.

Nawe nilikuandikia mgongo. Haukuwa mgongo. Ini lake ni bovu mwaka wa pili sasa, na tulionywa kwamba mtu wa ini asichezee samaki wabichi wala maji ya bahari akiwa na mchubuko, vijidudu vinavyompita mtu mwingine vinamwua yeye. Ndiyo maana samaki walipozidi kuugua nilimtoa kwenye mizani nikamweka kwenye kiti. Nilikuficha kwa sababu mtu akisikia ini anasema pombe, na ni kweli alikunywa zamani, kabla hujapata akili ya kuona. Wewe ulimwona ni mtu wa maana sana. Nilitaka abaki hivyo machoni pako.

Sasa nieleze, wewe mwenye elimu ya mambo haya. Uliandika samaki ni wazima. Karatasi bado iko mlangoni, napita chini yake. Hospitali wanasema kilichomwua kimetoka kwa samaki. Sikulaumu, pengine huyu mmoja alikuwa peke yake. Lakini nieleze.

Na kuna mtu alimwita kule. Mizani hakuwa mtu wa kuvunja ahadi yangu bila sababu, alikuwa ameniapia. Nimewauliza wote bandani, wanasema alikuja kunitafuta mimi, wakati alijua kabisa niko kwa mkuu wa soko. Mtu alimtuma. Nitamjua tu.

Dada yako


27 Februari

Shemeji Mizani,

Imeota. Nimekimbia ngazi mbili kumwita Daktari, akaja na chai mkononi akaimwaga.

Mgonjwa wako alifika akiwa mchafu kama ulivyoahidi, sijawahi kufurahi kuona uchafu namna ile. Tulipompasua figo lilikuwa limevimba, ini limepauka lina madoa meupe. Nikachukua kutoka kwenye figo, nikapaka, na kesho yake sahani ilikuwa imejaa vidoa vya mviringo vya namna moja, ukingo hadi ukingo. Kwenye hadubini ni vijiti vidogo vilivyopinda kidogo, vinakimbia. Kwenye kidonda tumekuta na vingine, ndugu zao, wanaoweza kumwingia mtu. Ndio wanaowala chewa wenu kwa muda wote huu. Sasa tunawajua, na tunajua dawa gani zinawaweza wakimpata binadamu.

Kwa mtu mwenye afya mara nyingi ni uvimbe tu unaopona, lakini hatuwezi kubahatisha. Daktari akishatia sahihi karatasi namwandikia Dada, wanawake wote wavae glovu, mwenye kidonda asiguse samaki, chewa wenye vidonda wasiuzwe. Nitasema imetoka kwenye sanduku lake. Yeye atatamba, na sisi tutanyamaza.

Na wewe kidole hicho kisikae. Kama kimevimba nenda hospitali leo, na uwaambie ni samaki mgonjwa, siyo sindano. Hilo ni muhimu. Ukiogopa Dada atajua, mwambie mimi nitajieleza.

Asante, Shemeji. Umefanya kazi ambayo maabara nzima ilishindwa.

Shemeji yako


3 Machi

Dada yangu,

Barua yako nimeipata jana. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaketi sakafuni, Daktari akaja akanikuta hapo. Amenipa ruhusa ya kusafiri. Mkoba uko tayari. Lakini sitaki nivuke kizingiti chako, unikumbatie, unililie begani, wakati hujui unamkumbatia nani. Soma kwanza.

Mtu unayemtafuta ni mimi.

Nilimwandikia Mizani kupitia kwa fundi cherehani. Nilimwomba chewa mgonjwa ambaye hajapasuliwa wala kuoshwa, na nikamwomba akufiche. Samaki wako wa masanduku yote mawili hawakuweza kupimwa, Dada. Tunachokitafuta kimo kwenye ule utepe mweusi, na wewe uliukwangua. Ndimu ikafanya yaliyobaki. Hakuna kosa lako hapo, hujawahi kuambiwa, na wa kukuambia nilikuwa mimi. Niliogopa. Nilifungua sanduku nikaona mfupa mweupe, nikakuona wewe na kijiko, nikajua umekesha. Nikasema nitamwambia vipi. Nikaandika hakuna kilichoota, nikakuacha uelewe unavyotaka.

Halafu ulipoibandika mlangoni, nilikuwa na nafasi ya kukuandikia wazi, mistari miwili tu. Nikamwandikia yeye badala yako, kwa sababu yeye ni rahisi kuambiwa.

Nilimwandikia habari za mifuko na barafu na dereva. Habari ya mikono yake sikumwandikia hata neno moja. Nilimwona ni mtu wa samaki, kuchomwa na mwiba kwake ni kitu cha kila siku. Ini sikulijua, lakini sitaki kujificha nyuma ya hilo. Hata mwenye ini zima hakustahili kutumwa na mimi kumshika mgonjwa mikono mitupu. Na ile sindano aliyowaambia zahanati ilikuwa ni kwa ajili ya kunifichia siri. Angesema samaki siku ile ya kwanza, wangempa dawa inayofaa. Dawa ipo. Nimeipima mimi mwenyewe kwenye sahani, inawaua wote.

Samaki aliyemchoma ndiye aliyetupa jibu. Karatasi ya kweli nimeiambatisha, ibandikwe mahali pa ile nyingine. Banda lifungwe kwanza.

Niambie nije au nisije. Ukisema nisije nitaelewa. Ukisema nije nitakuja na lori la kwanza.

Mdogo wako


29 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika matusi, nikachana.

Nilikwenda bandani nikabandua ile karatasi nikabandika mpya. Nikawaeleza wenzangu yote, la kwako na la kwangu, kwamba wewe uliogopa kusema na mimi niliosha. Mmoja akaniambia, sasa dada, nani angejua? Nikamwambia mdogo wangu alijua. Mkuu wa soko amefunga banda, na safari hii sikubishana naye. Hata lingekuwa wazi, kisu changu nimekifunga kitambaani.

Fundi cherehani ameniletea barua nyingine uliyomwandikia marehemu. Maskini hakujua anitazame usoni au atazame chini. Sikuifungua, si yangu. Nimeitia mfukoni mwa koti lake kwa kuwa sijui mahali pengine pa kuiweka.

Nimejaribu kukukasirikia wewe peke yako nimeshindwa. Kila nikikukaribia kwa hasira naikuta ile barua yangu ya mgongo. Kama ningeandika ini usingemtuma, hilo najua, ungekuja mwenyewe kumfunga kamba kwenye kiti. Nikijikasirikia mimi peke yangu nakukuta wewe na hakuna kilichoota yako. Na nikimkasirikia yeye ndipo nalia, maana alitoka nyumbani anajificha, mgonjwa, anakoroma uongo kitandani, akaenda akashika kifo kwa mkono wake, ili mimi tu nisiambiwe kwamba kuna kitu sikijui kuhusu samaki.

Hilo ndilo linalonila, mdogo wangu. Mlinionaje ninyi wawili? Mlidhani nitafanya nini? Ungeniandikia, Dada, samaki ukimwosha hatufai. Ningenuna. Ningesema mtoto amesoma amenisahau, leo ananifundisha samaki mimi. Ningenuna siku mbili, ya tatu ningekutumia sanduku la samaki na matumbo yao yote, na matusi juu yake. Imekwisha. Siku mbili za kununa kwangu ndizo mlizoziogopa, na mimi ningezinuna nikamaliza, na mume wangu angekuwa hapa nyumbani ananisumbua.

Nami pia niliogopa, nakiri. Niliogopa utamdharau. Kumbe ulimpenda, ungemtunza tu.

Unauliza uje au usije. Njoo. Hii ni nyumba yako, nimekulea humu, sina uwezo wa kukufungia mlango hata nikitaka, na kuna siku nimetaka. Lakini jua unakokuja. Nitakupikia, nitakutandikia kitanda chako, halafu tutakaa sebuleni sina la kukwambia na wewe huna la kuniambia. Tukifika hapo zamani, yeye ndiye aliyekuwa akiingia. Alikuwa anakuja kwangu anasema mdogo wako amesema hivi, anakwenda kwako anasema dada yako amesema vile, na nusu yake alikuwa anatunga, mpaka mmoja wetu anashindwa anacheka.

Sasa sijui nani ataanza.

Dada yako